Baiskeli moja kwa lami, changarawe na safari ya mizigo: ulinganisho wa aina nne zenye usukani wa resi

Katika baiskeli nzima, fremu na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ndivyo vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuvibadilisha bila kuingia gharama inayokaribia ya baiskeli nyingine. Matairi huisha yakanunuliwa mengine, kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, hutolewa kwa dakika chache, tandiko hubadilishwa hadi mwenye baiskeli apate linalomfaa, na hata magurudumu huweza kuundwa upya kwa rimu imara na spoku nyingi zaidi. Lakini nafasi iliyoachwa kati ya mabomba kwa ajili ya tairi, urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, mwinamo wa foku, na vitundu vya skrubu vya kufungia keria na madigadi, vyote hivyo huamuliwa kiwandani na hubaki hivyo maisha yote ya baiskeli. Kwa sababu hiyo, ninapolinganisha baiskeli zinazotajwa kuwa zinafaa kila mahali, naanza na yale yasiyobadilika, na yale yanayobadilika nayapa uzito mdogo hata kama ndiyo yanayong'aa zaidi machoni pa mnunuzi.

Ulinganisho huu unahusu baiskeli zenye usukani uliopinda chini, ule ambao wengi huuita usukani wa resi. Faida yake kwa mwendo mrefu si kasi peke yake. Humpa mwendeshaji mahali patatu pa kushika, yaani juu kwenye bomba lililonyooka, mbele juu ya vishikio vya breki, na chini kwenye pinde, na mtu anayekaa juu ya tandiko kwa saa sita anahitaji kuhamisha mikono mara kwa mara ili viganja visife ganzi. Aina zinazogombea kuwa baiskeli moja ya kazi zote ni nne: baiskeli ya lami ya masafa marefu, ya saiklokrosi, ya changarawe, na ya safari ya mizigo.

Kila aina na kazi iliyoizaa

Baiskeli ya safari ya mizigo ndiyo mkongwe. Kampuni ya Trek ilianza kutengeneza modeli yake ya 520 mwaka 1983, na umbo lake la msingi, yaani fremu ndefu ya chuma, gia nyepesi na vitundu vya keria mbele na nyuma, ndilo umbo ambalo baiskeli nyingi za namna hii bado zinalifuata. Baiskeli ya lami ya masafa marefu ilichipuka baadaye, kampuni zilipotaka kupunguza mtikisiko na kuuinua usukani bila kuacha wepesi wa baiskeli ya mashindano. Specialized iliipa ya kwake, ya mwaka 2004, jina la Roubaix, kutokana na mbio za Paris–Roubaix zinazopita katika barabara za mawe kaskazini mwa Ufaransa.

Baiskeli ya changarawe ndiyo kijana wa familia. Ilikua pamoja na mbio ndefu za barabara za vumbi za Marekani, hasa ile iliyoanza mwaka 2006 katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas, ambayo leo inaitwa Unbound Gravel na ambayo njia yake maarufu ni ya maili 200, karibu kilomita 320. Salsa ilitoa Warbird mwaka 2012, mojawapo ya baiskeli za mwanzo kabisa kutengenezwa mahususi kwa mbio hizo, na kufikia mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilikuwa limeanzisha mashindano ya dunia ya changarawe, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Veneto nchini Italia. Historia hii fupi ina maana kwa mnunuzi, kwa sababu imezigawa baiskeli za changarawe katika makundi mawili ambayo kwa mbali hufanana: zile za mbio, zenye vitundu vichache na mkao wa kuinama, na zile za safari, zenye nafasi kubwa ya tairi na vitundu kila upande. Nitakaposema baiskeli ya changarawe bila kufafanua, namaanisha hizi za pili.

Saiklokrosi tuimalize hapa hapa. Mbio zake hudumu karibu saa moja katika matope, na kanuni za UCI huzuia tairi kuzidi upana wa milimita 33, hivyo fremu nyingi za zamani hazina nafasi ya tairi pana zaidi ya hilo kwa kiasi cha kuridhisha. Baadhi hazina hata vitundu vya chupa ya pili, achilia mbali keria, kwa sababu mshindani huibeba begani anaporuka vizuizi na hahitaji kitu kinachomzuia. Kabla ya baiskeli za changarawe kuenea, wengi waliigeuza saiklokrosi kuwa baiskeli ya kila kitu, na anayeipata iliyotumika katika hali nzuri bado atafika nayo mbali. Kwa anayenunua mpya, sioni sababu ya kuichagua isipokuwa kama atashindana.

Nafasi ya tairi

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu baiskeli ya kutumika kila mahali, ningeuliza inapokea tairi la upana gani. Tairi ndilo linalogusa ardhi, na hewa iliyomo ndiyo inayomeza mashimo kabla hayajafika kwenye mgongo. Ukitoka tairi la milimita 32 kwenda la milimita 40, eneo la mkato wa tairi huongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa hukua kwa mraba wa upana na si kwa upana wenyewe. Mwendeshaji wa kilo 75 au 80 anayejaza tairi la milimita 28 hadi karibu psi 75 (kipimo cha shinikizo la hewa) anaweza kulijaza la milimita 40 kwa nusu ya hapo bila rimu kugonga jiwe, na katika changarawe iliyolegea tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gurudumu la mbele litashika njia au litateleza pembeni.

Hapa aina tatu zilizobaki zinatengana, ingawa si kwa umbali uliokuwapo zamani. Baiskeli ya lami ya masafa ya miaka kumi na mitano iliyopita iliishia milimita 28. Domane ya Trek sasa inapokea 38, na Roubaix ya Specialized, tangu toleo la SL8 la mwaka 2023, inapokea 40. Baiskeli ya changarawe ya safari huanzia hapo na kwenda juu: Grizl ya Canyon, ilipotoka mwaka 2021, ilikuwa na nafasi ya milimita 50. Baiskeli ya safari ya mizigo kwa kawaida hukaa kati ya milimita 42 na 50, na mara nyingi kipimo hicho hutajwa pamoja na madigadi.

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayopotea katika matangazo. Upana unaotajwa kwa baiskeli za lami na za changarawe kwa kawaida ni wa tairi likiwa peke yake, na ukifunga madigadi unapoteza milimita kadhaa kila upande, kiasi kwamba fremu iliyoandikwa 38 inaweza kuishia kwenye tairi la 32 au 35. Zaidi ya hapo, tairi lenyewe halifuati maandishi yake: lile lililoandikwa 40, likifungwa kwenye rimu pana, huweza kupimika 42. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kuchukua ufunguo wa pembe sita wa milimita 5 na kuupitisha kati ya tairi na fremu, pande zote mbili, na juu chini ya shingo ya foku. Usipopita bila kukwaruza, nafasi haitoshi. Anayedhani ni uchunguzi wa kupita kiasi na aangalie upande wa ndani wa mabomba ya nyuma ya baiskeli iliyotumika matopeni ikiwa na tairi lililobana: kijiwe kimoja kilichonasa kwenye tope husaga rangi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na baada ya siku moja ya mvua huonekana mstari mweupe wa metali tupu, au kwa fremu ya kaboni, nyuzi zilizoanza kuchanika.

Kuhusu vipimo vya gurudumu, karibu baiskeli zote hizi hutumia 700C, yaani rimu ambayo tairi hukaa kwenye kipenyo cha milimita 622. Nyingi za changarawe hupokea pia 650B, yenye milimita 584, pamoja na tairi pana zaidi. Hesabu yake ni nzuri: tairi la 47 kwenye 650B lina kipenyo cha nje cha milimita 678, sawasawa na tairi la 28 kwenye 700C. Lakini kwa baiskeli iliyobuniwa kutumia 700C na tairi la 40, mabadiliko hayo huishusha ekseli ya pedali kwa milimita 12, na pedali itaanza kugonga mawe na mizizi ambayo hapo awali ilikuwa ikipita juu yake. Ni chaguo zuri kwa fremu ndogo za watu wafupi, ambao vidole vyao vya miguu hugusa tairi la mbele wanapokata kona. Kwa wengine halina haraka.

Umbo la fremu na tabia yake barabarani

Mabomba mawili ya chini yanayotoka kwenye ekseli ya pedali kwenda kwenye gurudumu la nyuma yana urefu wa milimita 410 hadi 420 katika baiskeli nyingi za lami za masafa, milimita 420 hadi 440 katika za changarawe, na 450 au zaidi katika za safari ya mizigo. Long Haul Trucker ya Surly, iliyopendwa sana na wasafiri, ilikuwa na milimita 460. Kwa maandishi ni tofauti ya vidole viwili. Juu ya baiskeli iliyofungwa mikoba ya pembeni ni tofauti kati ya kisigino kinachopita wazi na kisigino kinachopiga mkoba kila pedali inapozunguka. Mwenye mguu mkubwa anayefunga mikoba mikubwa kwenye baiskeli ya changarawe hulazimika kuisogeza nyuma kabisa ya keria, na mzigo unapokaa nyuma ya ekseli, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi na baiskeli huanza kutingishika anaposimama kwenye pedali.

Urefu huo unaleta pia utulivu. Baiskeli ya mizigo iliyojaa hushuka mlima kwa mstari ulionyooka na haishtuki upepo unapoipiga ubavuni. Ikiwa tupu, hata hivyo, huchelewa kuitikia, na wengi huielezea kuwa ni nzito kuliko mizani inavyosema. Baiskeli ya lami ni kinyume chake: huitikia haraka, hufurahisha katika kona za lami, lakini kwenye changarawe wepesi huo huo wa usukani unamtaka mwendeshaji awe macho wakati wote, kwa sababu kosa dogo la mkono huwa kubwa ardhini. Ya changarawe hukaa katikati kwa kulazisha zaidi pembe ya foku, aghalabu nyuzi 70 hadi 72 badala ya 72 hadi 73.5, na kwa kurefusha sehemu ya mbele huku ikifupisha shingo ya usukani. Naona hapa ndipo wabunifu wa changarawe walipofanya kazi bora kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa umbo hilo halidai sana lami na halitishi vumbini.

Mkao wa mwendeshaji nao hutegemea fremu. Katika vipimo vya kampuni kuna kimo, yaani umbali wa wima kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya bomba la usukani, na kuna umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo mbili. Kimo kikubwa huketisha mtu wima zaidi. Usilinganishe baiskeli kwa jina la saizi, maana 54 ya kampuni moja ni 56 ya nyingine. Linganisha namba hizo mbili na zile za baiskeli unayoijua.

Mzigo

Swali la mzigo huwa na majibu mawili ambayo hayafanani. Yupo anayesafiri na mifuko inayofungwa moja kwa moja kwenye fremu, chini ya tandiko na mbele ya usukani, ambayo kwa pamoja hubeba kilo 6 hadi 12 za nguo, hema jepesi na chakula cha siku moja. Huyo hahitaji keria, na baiskeli ya changarawe, au hata ya lami ya masafa, itamfaa. Yupo pia anayebeba kilo 20 au 25, pamoja na jiko, maji ya siku mbili na vifaa vya baridi, na kwake keria ya nyuma yenye uwezo wa kilo 25 na nyingine ya chini mbele si anasa.

Vitundu vitatu vilivyopangwa wima kwenye kila mguu wa foku vimekuwa alama ya baiskeli ya changarawe ya safari, na kwa kawaida kila upande huruhusiwa karibu kilo 3. Hilo linatosha mfuko wa kulalia na hema, na halitoshi mkoba uliojaa maji. Mnunuzi asome pia kikomo cha uzito wote, yaani mwendeshaji, baiskeli na mizigo kwa pamoja, ambacho kwa baiskeli nyingi za kaboni huwa karibu kilo 120. Mtu wa kilo 90 mwenye baiskeli ya kilo 10 amebakiwa na kilo 20 tu, na humo mna nguo, maji, vifaa na kila kitu kingine. Baiskeli ya safari ya chuma, yenye magurudumu ya spoku 36, imejengwa ikijua hesabu hiyo, wakati ile ya lami inayokuja na spoku 24 haikuandaliwa kwa ajili hiyo.

Baina ya hao wawili wapo waendeshaji wa masafa ya mfululizo, wanaohitaji taa, madigadi na mfuko mmoja wa mbele basi. Mbio za Paris–Brest–Paris, zilizoanza mwaka 1891 na ambazo sasa ni safari ya kilomita 1,200 yenye ukomo wa saa 90 kwa wengi, zimekuwa uwanja wao wa kupimia vifaa. Huko baiskeli nyepesi yenye dinamo ya ndani ya habu, ile ya volti 6 na wati 3, imethibitisha thamani yake usiku baada ya usiku. Anayejiona katika kundi hili na atazame vitundu vya madigadi kwanza, kwa sababu baiskeli kadhaa za kaboni za lami, licha ya kutangazwa kwa safari ndefu, hazinavyo.

Gia, kwa hesabu na si kwa majina

Gia hubadilika kirahisi kuliko fremu, lakini si kirahisi kama wauzaji wanavyodai, kwa kuwa vishikio vya usukani wa resi havielewani na kila kihamisha cheni. Ni vyema kuzipata sawa tangu mwanzo, na njia ya kuzilinganisha ni kupima umbali ambao baiskeli inasonga kwa mzunguko mmoja wa pedali.

Chukua gurudumu la 700C lenye tairi la milimita 40, ambalo mzunguko wake ni takriban mita 2.2. Baiskeli ya lami ya masafa kwa kawaida huja na gia za mbele za meno 50 na 34 na kaseti ya 11 hadi 34. Gia nyepesi kabisa ni 34 kwa 34, hivyo kila mzunguko wa pedali husogeza baiskeli mita 2.2, na kwa mizunguko 60 kwa dakika mwendo ni karibu kilomita 7.9 kwa saa. Baiskeli ya changarawe yenye 46 na 30 mbele na kaseti hiyo hiyo inashuka hadi kilomita 7 kwa saa. Baiskeli ya mizigo yenye gia tatu mbele, ya chini ikiwa na meno 26, inafika kilomita 6.

Namba hizo zaonekana kukaribiana hadi uziweke mlimani. Fikiria mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 13 iliyobeba kilo 25, akipanda mwinuko wa asilimia 8 wa vumbi lililoshikana. Ili azungushe pedali mara 60 kwa dakika katika 34 kwa 34 anahitaji kutoa takriban wati 215, kiwango ambacho mtu wa kawaida hakiwezi kwa muda mrefu. Katika 26 kwa 34, kwa mizunguko ile ile, anahitaji wati 165. Wa kwanza atashuka na kusukuma, au atazungusha pedali polepole kwa nguvu za magoti hadi jioni magoti yamuulize.

Kwa miaka mingi pengo hili lilikuwa sababu tosha ya kununua baiskeli ya mizigo. Halipo tena kwa kiwango kile. Shimano ilitoa GRX, seti yake ya changarawe, mwaka 2019, na katika toleo la gia 12 lililofuata mwaka 2023 mnaweza kufungwa gia moja ya mbele ya meno 40 pamoja na kaseti ya 10 hadi 51. Gia yake nyepesi inasogeza baiskeli mita 1.73 kwa mzunguko, karibu sawa na ile ya gia tatu, na gia nzito bado inatoa kilomita 47 kwa saa kwa mizunguko 90. Gharama yake ni hatua kubwa kati ya gia na gia. Kwenye lami tambarare, mkiwa kundi linalokimbia kwa mwendo mmoja, utajikuta gia moja ni nyepesi mno na inayofuata ni nzito mno. Anayetumia siku nyingi kwenye lami abaki na gia mbili mbele. Anayepanda milima ya vumbi na mizigo achukue moja na kaseti pana.

Breki, metali na uzito

Breki za diski zimeshinda, na sidhani kama kuna haja ya kuendeleza mjadala huo kwa baiskeli ya kazi nyingi: hazimalizi rimu na hazijali tope. Lililobaki ni kati ya za mafuta na za waya. Za mafuta hushika kwa kidole kimoja hata mwisho wa mteremko mrefu mkono ukiwa umechoka, na pedi zake hujisogeza zenyewe zinavyoisha. Za waya humtaka mwendeshaji azikaze mara kwa mara, lakini waya wa akiba hukaa mfukoni na hubadilishwa kando ya njia. Kwa mtu ambaye hafiki mbali na mafundi zaidi ya siku mbili, ningechukua za mafuta bila kusita, huku nikikumbuka kwamba mafuta ya madini ya Shimano na ya DOT yaliyotumika kwa muda mrefu na SRAM hayachanganywi, kwani moja huharibu mipira ya mfumo wa mwingine.

Hoja kwamba fremu ya chuma inaweza kuchomelewa popote imetiwa chumvi. Mabomba ya chuma bora huwa na ukuta wa milimita 0.6 hivi katikati, na fundi aliyezoea kuchomelea mageti atatoboa tundu badala ya kuziba ufa. Sababu ya kweli ya kupenda chuma ni kwamba huvumilia kugongwa na kukwaruzwa, na kwa kawaida hutoa dalili kabla ya kukatika. Alumini ni nyepesi na imara, na ikiwa na tairi pana ule ugumu unaolalamikiwa hausikiki. Kaboni ni nyepesi kuliko zote na haipendi keria zinazokaza bomba wala mikanda inayosugua vumbi siku nzima. Ukiichagua, bandika utepe wa kukinga kila mahali mfuko unapogusa.

Uzito wenyewe haustahili hofu unayopewa. Baiskeli ya lami ya masafa ya kaboni ina kilo 8 au 9, ya changarawe ya alumini ina 10 hivi, ya mizigo ina 13 au 14. Tuseme mtu na vitu vyake ni kilo 78. Akitoka baiskeli ya kilo 9 kwenda ya kilo 13, uzito wote unaongezeka kwa asilimia 4.6, na kwenye mlima mkali uliokuwa ukimchukua saa moja ataongeza karibu dakika tatu. Kwenye tambarare, upepo ndio mpinzani na kilo hizo nne hazionekani kabisa.

Nani achukue ipi

Anayeendesha lami kwa sehemu kubwa kabisa, akijiunga na makundi, na kukutana na vumbi pale tu barabara inapoisha au inapokarabatiwa, achukue baiskeli ya lami ya masafa yenye nafasi ya milimita 35 au zaidi na vitundu vya madigadi. Akiifunga tairi la 32 au 35 ataweza kupita barabara yoyote ya udongo iliyoshikana, na hatalipa chochote siku za lami.

Anayeondoka kwa wiki au miezi akiwa na mikoba minne, na hasa kama ni mtu mzito, asidanganywe na wepesi. Baiskeli ya safari ya mizigo itamtunza kisigino, spoku na mgongo, na uzembe wake ikiwa tupu ni bei ndogo.

Wengine wote waliobaki, ambao ni wengi, naona wanafaa zaidi kwa baiskeli ya changarawe ya safari: fremu ya chuma au alumini, nafasi ya milimita 45 au zaidi, mabomba ya nyuma yasiyopungua milimita 430, vitundu vya keria na madigadi, ekseli za kupenya (zinazopita ndani ya habu na kukazwa kwenye fremu), na ekseli ya pedali ya kufungwa kwa skrubu badala ya kushindiliwa, kwa kuwa ya kushindiliwa huanza kulia vumbi linapoingia. Ikiwa na matairi laini ya milimita 32 itabaki nyuma ya baiskeli ya lami kwa kiasi ambacho ni mshindani tu atakijali, na ikiwa na mzigo wa kilo 12 haitajuta. Udhaifu wake ni ule wa mikoba mikubwa ya nyuma, na mwenye kuufahamu mapema atanunua mikoba midogo au ataisogeza mbele kwenye foku.

Wanaofuata njia hii mara nyingi hufikiria seti ya pili ya magurudumu, moja ya lami na nyingine ya vumbi, ili kubadilisha kwa dakika mbili. Wazo ni zuri, lakini kila seti inahitaji kaseti yake na diski zake, na kaseti mbili zinazotumia cheni moja ziwe zimechakaa kwa kulingana, la sivyo cheni itaruka meno ya ile mpya. Vilevile diski hazikai mahali pamoja kabisa katika habu mbili za kampuni tofauti, na pedi zitasugua kila unapobadilisha. Dawa yake ni washa nyembamba za milimita 0.2 zinazowekwa kati ya habu na diski; fundi akiziweka mara moja kwenye seti iliyo ndani zaidi, magurudumu yatabadilishana bila kugusa breki tena.